Manju Bujiku na Swali la Lambo

Ngoma kubwa ya Bujiku ilipasuka saa saba mchana, katikati ya mashindano, mwaka alipokuwa na miaka ishirini na sita, na tangu siku ile hakuna aliyemuuliza habari yake.

Mashindano ya Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vya Usukumani, hayana hakimu. Baada ya mavuno vikundi viwili huingia uwanja mmoja, kila kimoja na upande wake, vikapiga ngoma kwa wakati mmoja kutwa nzima, na watu huenda wanakovutwa. Jioni hutazamwa tu: manju yupi, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo, amezungukwa na watu wengi zaidi. Huyo kashinda. Ndiyo maana manju hodari huwa na mambo yao. Mmoja ataleta chatu, mwingine atacheza na fisi aliyefungwa kamba, na mmoja aliwahi kupanda juu ya nguzo akanywa uji wake wote huko huko juu. Bujiku hakuwa na chatu. Alikuwa na mdomo.

Siku ile ngozi ilipoachia, alimtazama mpigaji wake, mpigaji akamtazama, kisha Bujiku akageukia upande wa pili na kuanza kumtukana Mageni, manju wa Bagika. Alimtukana kwa wimbo. Aliimba kwamba Mageni alikimbizwa na jogoo wa mama mkwe wake hadi akaacha kiatu njiani, na kwamba kiatu chenyewe kilikuwa cha kuazima. Watu wa Mageni wakasogea kusikia manju wao anavyosemwa, wakacheka, wakaketi. Kufika saa kumi uwanja wote ulikuwa umehamia kwake. Miongoni mwa waliohama alikuwamo msichana aliyeitwa Limi, ambaye kwao walikuwa Bagika tangu babu, na mwaka uliofuata Bujiku alimwoa.

Nimeanza na habari hii ili asije mtu akasema mzee alidanganywa. Bujiku hakudanganywa. Ujanja ule aliujua kabla baadhi ya wakubwa wa leo hawajaota meno: ngoma yako ikipasuka, mtukane wa upande wa pili.

Sasa ana miaka sitini na minane. Anaishi kijiji kile kile, mashariki ya Mhunze, na Limi wake ambaye magoti yamemchoka. Watoto wametawanyika. Donatus, mkubwa wao, yuko Segese kwenye maduara, mashimo ya wachimba dhahabu, na akipiga simu huongea habari za mwamba tu, mwamba umekuwa mgumu, mwamba umelainika. Mashindano nayo yamepungua. Kilichobaki ni ngoma tatu zilizoning'inia kwenye kenchi za paa, na jina. Vijana humwita Manju hata wasiojua alikuwa manju wa nini.

Shida ya kijiji ni lambo. Zamani lilikuwa linashika maji ya mvua hadi Septemba, na mwaka mwema hadi mvua nyingine. Miaka miwili iliyopita maji mengi yalikuja kwa pamoja, yakabomoa tuta na kuacha pengo ambalo gari linaweza kupita, na kweli magari yanapita, imekuwa njia ya mkato. Tangu hapo mvua hunyesha, maji hujaa kidogo, hutoka pale pale na kwenda zake. Wanaume walijaza viroba vya mchanga. Mvua ya kwanza ikabeba mchanga na viroba. Fundi wa halmashauri alikuja, akapima kwa kamba, akasema hii ni kazi ya katapila, siku tatu tu. Siku tatu! Watu walimshukuru kana kwamba ameshaifanya.

Katapila halikuja. Wanawake wakarudi kufukua mchanga wa mto kutafuta maji, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na zaidi kurudi, kwa sababu kurudi ndoo imejaa. Limi ni mmoja wao. Ng'ombe wa Bujiku, saba, walipelekwa Bukombe kwa shemeji yake, na mwanaume ambaye ng'ombe wake wanakaa kwa shemeji huongea kwa sauti ya chini hata nyumbani kwake.

Alikwenda Mhunze, kwenye halmashauri, mara nne kuulizia. Mara ya kwanza aliambiwa bajeti imepita. Mara ya pili katapila ni bovu. Mara ya tatu katapila limepona, ila linachonga barabara kwa ajili ya ziara. Mara ya nne mlinzi alimwambia wakubwa wote wako kikaoni.

"Kikao cha nini?"

"Cha hali ya mpakani, mzee."

Kutoka kijiji kile hadi mpaka wowote ule ni safari ya kulala njiani. Lakini mwaka ule mpaka ulikuwa kila mahali. Ulikuwa redioni asubuhi kabla ya bei za pamba, ulikuwa kijiweni, ulikuwa kwenye simu za vijana. Nini hasa nchi jirani ilichotufanyia, Bujiku hakuelewa vizuri. Ilionekana mkubwa wao alisema neno, mkubwa wetu akajibu, wao wakalijibu jibu. Hakuna ng'ombe aliyeibwa, hakuna shamba lililolishwa. Lakini Mheshimiwa mbunge, ambaye kwa miaka minne alikuwa akiongea kama mtu mwenye mafua, alipata sauti. "Wasitujaribu! Wakitugusa kwa kidole, tutawagusa kwa mkono mzima!" Wanaume ambao hawajawahi kukubaliana hata mbuzi wa nani ndiye aliyekula mihogo, walikubaliana kuhusu jirani. Bujiku alisikiliza huku anachonga mpini wa jembe, akajisemea moyoni kwamba huyu naye ngoma yake imepasuka. Hakusema kwa sauti. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hatafuti ugomvi kijiweni.

Mwezi wa tisa alikuja Edson, mtendaji wa kata, kijana mstaarabu mwenye pikipiki ya serikali na uso wa mtu anayelala kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Edson alikaa, akaulizia magoti ya Mama Donatus, akaulizia ng'ombe walioko Bukombe, ndipo akafika kwenye neno. Mheshimiwa anakuja mwezi ujao, mkutano wa hadhara, uwanja wa shule. Ameambiwa hapa kuna manju. Anataka wimbo.

"Wa kumkaribisha?"

"Wa kuwasema wale jirani, mzee. Uwaseme kweli kweli. Kama ulivyomsema Mageni."

Bujiku akauliza, "Na lambo?"

"Nimekuja na hilo pia." Edson akasogeza kigoda. "Barua nimeandika sita. Haziendi popote. Lakini Mheshimiwa akitamka jambo mbele za watu, na redio ipo, katapila linatoka wiki hiyo hiyo. Nimeona kata ya jirani kwa macho yangu. Wewe imba, afurahi. Akishafurahi, swali la kwanza ni lako. Maikrofoni nitakuletea mwenyewe mkononi."

Hakuwa anadanganya, Edson. Hilo nalisema kwa sababu hadithi kama hizi hupenda kumtwisha lawama mdogo wa ofisini. Alikuwa kijana mwenye barua sita na hana kingine.

Limi alikuwa pembeni anachambua majani ya kunde yaliyokaushwa. Pikipiki ilipoondoka alisema, "Utaimba, Baba Donatus?"

"Nitaimba. Wimbo mmoja kwa lambo zima, nani atakataa?"

"Hao jirani wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea. Hata Mageni hakunikosea."

Limi akatoa kicheko kifupi puani, akaendelea kuchambua.

Kijiji kilikubaliana. Jumapili baada ya kanisa watu walikaa na kupatana kwamba siku hiyo hakuna wa kuuliza shule wala barabara wala pembejeo. Swali ni moja, lambo, na muulizaji ni Manju. Paskalia, mwenyekiti wa akina mama wa kufukua mchanga, alimshika mkono mbele ya wote. "Baba, usije ukalala njiani na swali letu." Akamwambia hatalala.

Alikusudia kutunga wimbo wa wastani, wa kumaliza kazi. Lakini fundi hana kazi ya wastani mikononi. Siku ya tatu maneno yalianza kumjia shambani, siku ya tano yakamjia chooni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijikuta anatembea upesi. Alifurahi, nisimfichie. Aliona vidole vinarudi ujana. Alitunga kwa Kisukuma, na kwa Kiswahili ulikuwa unasema hivi:

Jirani yetu ana mdomo kama gunia lililotoboka,
kila anachotia ndani kinamwagikia uani kwetu.
Mwambieni aufunge kwa kamba ya katani.
Akikosa kamba aje, tunazo za kufungia ndama.

Siku ya mkutano watu walikuja hata kutoka vijiji vya mbali. Wanawake waliacha ndoo zao kwenye kivuli cha darasa, tayari kwa safari ya mto baadaye. Bujiku alivaa njuga, akafunga kitambaa chekundu kichwani, akaingia na wapigaji wake watatu ambao jumla ya meno yao haikutosha mdomo mmoja. Alipofika kwenye kamba za ndama, uwanja ulipasuka kwa kelele. Watu waliruka. Mheshimiwa aliteremka jukwaani akacheza, akavua kofia akampungia nayo, kisha akashika maikrofoni na kuongea dakika hamsini juu ya mipaka. "Mmesikia manju! Wakikosa kamba waje!" Kila aliposema hivyo watu waliitikia, na wimbo ukaombwa tena. Ukaimbwa. Ukaombwa mara ya tatu, na mara hiyo, katikati, ngoma kubwa ikaachia ngozi. Mpigaji akainua macho. Bujiku akaendelea kuimba.

Edson alikuwa mtu wa neno lake. Wimbo ulipokwisha alipenya katikati ya watu na kumtia maikrofoni mkononi. "Mheshimiwa," alisema kwa Kiswahili, "huyu mzee wetu ana swali."

"Mheshimiwa," Bujiku alianza, akihema, "sisi hapa tuna lambo letu, ambalo tuta lake..."

"Wimbo!" mtu akapaza sauti nyuma.

Watu wakacheka. Bujiku akainua mkono. "Tuta lake lilibomoka mwaka..."

"Wimbo, Manju! Kamba za ndama!"

Sasa zilikuwa sauti nyingi, na makofi ya pamoja, wi-mbo, wi-mbo. Alimtafuta Paskalia kwa macho ili amsaidie kunyamazisha watu. Alimwona mstari wa mbele. Paskalia alikuwa anapiga makofi, uso umechangamka, mdomo wazi, na neno lililokuwa linatoka ni lile lile.

"Wananchi wamesema, mzee!" Mheshimiwa alicheka kutoka jukwaani. "Sauti ya wengi hiyo!"

Bujiku alisimama na maikrofoni mkononi. Aliwaona vizuri: watu mia tano, vumbi hadi magotini, wote wamegeukia upande mmoja, na upande huo ni yeye. Katika maisha yake yote hakuwahi kushinda namna ile. Aibu ilimshika, na hakujua aiweke wapi. Akaimba. Hakukuwa na ngoma kubwa, na hakuna aliyeiulizia.

Magari yaliondoka saa kumi na moja. Wanawake wakachukua ndoo zao.

Kesho yake Paskalia alipita njiani akasimama uani, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba. Hivi Mheshimiwa alijibuje kuhusu lambo?"

"Hakuulizwa."

"Mbona nilikuona umeshika maikrofoni?"

Bujiku alimtazama aone kama anamtania. Hakuwa anamtania. Alikuwa anauliza kweli, na jana ilikuwa imemtoka kama ndoto inavyomtoka mtu.

Mvua ilikuja mwishoni mwa Novemba, mvua nzuri, ya kishindo. Bujiku alikwenda kusimama juu ya tuta na gunia kichwani. Maji yalishuka mekundu, yamebeba matawi na ndala moja, yakajaa hadi usawa wa mawe ya chini, yakaligundua pengo. Akayatazama yakipita. Hakutukana mtu. Kesho yake asubuhi palikuwa na tope, na keshokutwa hata tope lilikuwa linaanza kupasuka.

Januari mvua ilikatika, na wanawake wakarudi mtoni. Jioni moja Limi aliketi mlangoni, miguu ameinyoosha, Bujiku anamkanda goti kwa mafuta ya samli.

"Wanauimba mtoni," alisema Limi.

"Nini?"

"Wimbo wako. Unafaa kufukulia. Hata mimi leo nimejikuta nauimba. Siku ile ya Mageni, nilipokuja upande wako, niliiona ngoma imepasuka."

Mkono wa Bujiku ulisimama gotini. "Uliiona?"

"Nilikuwa mbele. Wote tuliokuwa mbele tuliiona."

"Miaka yote hii! Mbona hamkusema?"

"Tulikuwa tunacheka, Baba Donatus. Mtu akiwa anacheka atasemaje?" Akauvuta mguu wake taratibu. "Hilo limetosha. Kanda hili la pili."

Bujiku akalikanda la pili.

Jumapili iliyofuata Edson alipiga simu. Mheshimiwa ana mkutano mkubwa Kagongwa, Jumamosi, wamemwalika akahutubie huko, na anamtaka Manju. Na aongeze ubeti, kwa sababu wale jirani wamesema tena.

"Wamesema nini?"

"Sijapata vizuri, mzee. Ila wamesema."

Bujiku hakuwa na nguvu za kukataa. Kukataa kunahitaji mtu asimame, na yeye alitaka kukaa. Akasema kweli moja iliyokuwa karibu. "Mwambie ngoma ilipasuka. Kuwamba ngozi mpya ni kuiloweka siku mbili majini, na maji hatuna. Mwambie hivyo hivyo, kwamba maji hatuna."

"Nimekuelewa, mzee," Edson alisema polepole. "Nitalifikisha kama lilivyo."

Na hapo, kwa ujinga ambao mzee wa miaka sitini na minane angepaswa kuwa ameshaupita, Bujiku akaanza kutumaini. Alifikiri: mwishowe neno limepata njia. Anaitaka ngoma, ngoma inataka maji, maji yanataka lambo. Alimweleza Limi, na usiku huo alimwona anatabasamu peke yake akisonga ugali.

Jumanne alasiri ulisikika mngurumo upande wa lambo. Watoto wakatoka mbio. "Katapila! Katapila!" Bujiku alisimama hata fimbo akaisahau.

Ilikuwa pikapu nyeupe. Ilipita katika pengo la tuta, ikapanda, ikaja hadi uani kwake. Nyuma ilikuwa imebeba ngoma mpya, kubwa, ya mti mzima, ngozi imeshawambwa na kukazwa vizuri, imefunikwa turubai isipigwe na vumbi. Dereva alishuka akaamkia wote, akaishusha kwa uangalifu mkubwa.

Limi ndiyo kwanza alikuwa anatoka mtoni. Aliitua ndoo, akaizunguka ile pikapu hadi nyuma, akakinga macho kwa mkono na kutazama njia ya lambo muda mrefu.

"Katapila linafuata?"

"Mimi nimeambiwa ngoma tu, mama," alisema dereva.

Siku mbili. Miaka miwili barua sita, safari nne na fundi mwenye kamba. Na ngoma, siku mbili. Bujiku aliinama akaigonga mara moja kwa kiganja. Ilikuwa ngoma nzuri. Sauti yake ilikwenda mbali, ikafika hadi majirani wakatoa vichwa milangoni, na mmoja akaanza kucheka kwa furaha. Aliitamani. Miaka yote ya uhai wake hajawahi kuwa na ngoma kama ile, na aliitamani hadi akajisikia vibaya.

"Ipakie," alisema.

"Mzee?"

"Irudishe. Mwambie aliyekutuma, ije nyuma ya katapila. Likija katapila, hata nikiwa kitandani nitaimba. Lisipokuja, nayo isije."

Dereva alikuna kichwa. "Mzee wangu, huyu ni Mheshimiwa."

"Najua ni nani. Mimi na yeye tunafanya kazi moja."

Pikapu iligeuza, ikapita tena kwenye pengo la tuta, na vumbi lake likakaa hewani. Limi alikuwa anaifunga kanga kiunoni. Ndoo moja haitoshi nyumba, ilibidi arudi kabla jua halijazama. Bujiku akaingia ndani akatoka na ndoo ya pili. Huko kwao mwanaume wa umri wake habebi maji, achilia mbali manju, na Limi alimtazama, kisha akatangulia. Wakaondoka, yeye nyuma, kwa mwendo wa magoti ya mkewe.

Wimbo waliusikia kabla hawajauona mto. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wamepiga magoti mchangani, kila mmoja na shimo lake, wanafukua kwa bakuli wakifuata mapigo ya wimbo, Paskalia ndiye anaongoza. Walikuwa wamefika kwenye kamba za kufungia ndama. Paskalia akainua kichwa, akamwona Manju anashuka ukingoni na ndoo mkononi, na ubeti ukamkatikia mdomoni. Wengine wakageuka kuona alichokiona. Wakanyamaza mmoja mmoja.

Bujiku akatafuta nafasi, akapiga magoti kwa shida karibu na Limi. Hakuna aliyemsalimu, na yeye hakusema habari za ngoma.

"Nipeni bakuli," alisema.

Paskalia akampa lake. Mzee akaanza kufukua, na mchanga ulipofika urefu wa mkono ukawa na unyevu, akangoja pamoja na wengine maji yapande.